Konyeza Ziwani: Je, Ndio Wanaowafukuza Samaki?

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Huwa ninavua kwa ndoano katika ziwa dogo lililotokana na machimbo ya kokoto yaliyojaa maji. Kuelekea mwisho wa majira ya joto niliona uso wa maji umejaa vidude vya duara, vyeupe na vyenye kupitisha mwanga, vinavyojifumba na kujifumbua vikipanda juu na kushuka. Katika wiki hizo hizo samaki wadogo waliozoea kula karibu na uso wa maji walitoweka, na wale wakubwa wakawa hawagusi chambo. Wavuvi wenzangu wanasema kwamba hao ni konyeza, na kwamba wanawachoma samaki na kuwafukuza. Je, ni kweli?

JIBU: Ulichokiona ni konyeza wa maji baridi, yaani wa maji yasiyo na chumvi, na kwa maelezo uliyotoa ni karibu hakika kwamba ni aina inayojulikana kitaalamu kwa jina la Craspedacusta sowerbii. Wenzako wamepata sehemu ndogo tu ya ukweli. Konyeza hao huchoma kweli, lakini samaki mkubwa hawamwezi; kwa hiyo, ikiwa wamechangia kubadilisha mwenendo wa samaki ziwani kwenu, basi wamefanya hivyo zaidi kwa kuwapunguzia chakula kuliko kwa kuwaumiza. Isitoshe, yuko mshukiwa mwingine ambaye wavuvi humsahau, nami nitamfikia baada ya kueleza kwanza habari za mnyama mwenyewe.

Asili ya konyeza huyu ni bonde la mto Yangtze nchini China, lakini siku hizi hupatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Maelezo ya kwanza ya kisayansi kumhusu yalitolewa mwaka 1880, baada ya kuonekana mjini London katika birika la bustani ya Regent's Park lililokuwa likioteshwa mayungiyungi makubwa ya Amerika ya Kusini. Husafirishwa pamoja na mimea ya majini na samaki wanaopandikizwa kutoka ziwa moja hadi jingine, na ndiyo sababu mara nyingi huibukia katika mabwawa, malambo na machimbo ya zamani kama hayo ya kwenu. Mwili wake una umbo la mwavuli wenye upana wa takribani sentimita 2, asilimia 99 ya mwili huo ni maji, na pembezoni umezungukwa na mamia ya minyiri, mirefu kwa mifupi, iliyosheheni seli za kuchoma. Seli hizo kwa kawaida haziwezi kupenya ngozi ya binadamu, kwa hiyo usiogope kuogelea.

Umbo hilo la mwavuli, ambalo wataalamu huliita medusa, ni la kupita tu. Sehemu kubwa ya maisha yake konyeza huyu huwa ni polipi, kijinyama kisicho na minyiri, chenye urefu wa takribani milimita 1 au pungufu, kinachojibandika juu ya jiwe, gogo au jani lililozama, na ambacho mtu asiye na hadubini hawezi kukitambua hata akikishika mkononi. Maji yanapopata joto la kiasi cha nyuzi 25 za Selsiasi, polipi huchipua medusa wadogo ambao hukua kwa wiki chache na kisha kufa. Kwa sababu hiyo ziwa linaweza kukaa miaka mingi watu wakiamini kwamba halina konyeza, halafu majira mamoja yenye joto kali yakaleta maelfu kwa mkupuo. Jambo la ajabu ni kwamba katika maziwa mengi konyeza wote wanaoonekana huwa ni madume watupu au majike watupu, dalili ya kwamba kundi zima limetokana na polipi wachache sana waliojizidisha wenyewe bila kuzaana.

Ukitaka kuelewa uhusiano wao na samaki, mwangalie medusa mmoja kwa makini siku ambayo ziwa limetulia. Atapiga mapigo kadhaa ya haraka na kupanda kuelekea juu, kisha ataacha kabisa kujisukuma, na kuanza kuzama polepole huku minyiri yake ameitandaza pande zote. Anapozama hivyo ndipo anapowinda. Kijidudu kinachogusa mnyiri hutetemeka mara moja au mbili, hukakamaa, na mnyiri hujikunja kukipeleka mdomoni ulio katikati ya mwavuli, upande wa chini. Wanaokamatwa ni dafnia, kopepodi, rotifa na wengine wa jamii ya planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, wenye ukubwa wa sehemu ya milimita hadi milimita 2 hivi, na si wote wanaochomwa huliwa, kwani baadhi huponyoka na kwenda kufa pembeni.

Sasa, planktoni hao hao ndio chakula cha karibu samaki wote wakiwa wachanga, na ndio chakula cha maisha yote cha aina nyingi za samaki wadogo wanaoishi katika maji ya katikati ya ziwa. Samaki wa namna hiyo huwinda kwa macho: humwona dafnia mmoja, humwendea, humnyakua, kisha hutafuta mwingine. Planktoni wakipungua, jambo la kwanza kubadilika ni muda anaotumia kutafuta kati ya windo moja na jingine. Ukirefuka kupita kiasi, samaki huacha kuwinda katikati ya maji na kushuka chini kufukua viluwiluwi vya usubi kwenye tope, au husogea ukingoni penye majani ambako kuna konokono na wadudu. Makundi nayo hulegea, kwa maana samaki mwenye njaa hutengana na wenzake ili asigombanie nao windo moja, ilhali samaki aliyeshiba hupenda kukaa katikati ya kundi kwa usalama wake. Kutengana na kundi namna hiyo humweka samaki huyo wazi machoni pa wale wanaomla, na samaki wakubwa walao wenzao huenda walikoenda wadogo. Ikiwa ziwani kwenu haya ndiyo yaliyotokea, basi kutoweka kwa wadogo juu ya maji na kukataa kwa wakubwa kugusa chambo pale ulipozoea kukitupa ni sura mbili za jambo moja, na chambo kingepaswa kushushwa chini au kupelekwa penye majani.

Kuna njia ya pili, ndefu kidogo. Dafnia na wenzake ndio wanaokula mwani mdogo unaoelea majini. Majaribio yaliyofanywa nchini Ujerumani, ambamo sehemu za maji ya ziwa zilitengwa na kuwekewa medusa, yalionyesha kwamba walaji hao wadogo wa mwani hupungua na mwani wenyewe kuongezeka. Mwani ukiongezeka maji hupoteza uangavu, na samaki anayewinda kwa macho hulazimika kulikaribia windo zaidi kabla ya kuliona. Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba kila konyeza wakitokea maji hubadilika rangi. Ili athari hiyo ionekane katika ziwa zima lazima medusa wawe wengi mno na wadumu kwa wiki kadhaa, na katika maziwa mengi samaki wenyewe hula planktoni kwa kiasi kinachozidi sana kile kinacholiwa na konyeza.

Na kuchomwa je? Magamba na ute wa samaki aliyekomaa ni kinga ya kutosha dhidi ya seli ndogo za konyeza huyu. Sehemu laini ni mdomo, na ndiyo maana samaki anayemmeza medusa kwa kumdhania windo aghalabu humtema papo hapo. Hata kama angemmeza, angepata maji matupu. Samaki hujifunza haraka kuacha kitu kisichokuwa na faida, na kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba samaki walikuwa wakiyazunguka mafungu mazito ya konyeza badala ya kupita katikati yake. Lakini kuzunguka fungu si kulihama eneo zima, na konyeza hawajisambazi sawasawa ziwani. Hukusanyika hapa, wakaacha kule.

Nafika kwa mshukiwa niliyemtaja, naye ni joto lenyewe. Siku za jua kali zisizo na upepo maji ya ziwa hugawanyika katika matabaka: la juu hupata moto, la chini hubaki na ubaridi, na kati yake huwapo tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla ndani ya mita chache. Maji yaliyopata joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji yenye ubaridi, wakati mwili wa samaki katika joto huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Samaki wengi wasiopenda joto hushuka, hutulia na hula saa za alfajiri na usiku tu. Hali hiyo hiyo ya joto na utulivu ndiyo inayochipusha medusa na kuwafanya waonekane juu ya maji. Mtu aliye kwenye mtumbwi huona mambo mawili yakitokea wiki moja, akahukumu kwamba moja limesababisha jingine, ilhali yote mawili yamesababishwa na la tatu. Kwa maoni yangu malalamiko mengi ya wavuvi dhidi ya konyeza ni ya aina hii.

Unaweza kulichunguza jambo hili mwenyewe bila gharama. Funga kipimajoto kwenye kamba yenye alama za mita, kishushe mita moja baada ya nyingine, ukikiacha kila mahali muda wa kutosha na kukipandisha haraka, kisha uandike unachosoma. Ukikuta joto la juu ni kubwa na linaporomoka ghafla mahali fulani, tupa chambo karibu na mahali hapo na uone kama samaki wako huko. Halafu pasua tumbo la samaki unaowapata na uangalie walichokula. Matumbo yakiwa yamejaa dafnia, chakula hakijaisha na konyeza hawana hatia; lakini yakiwa na tope na viluwiluwi tu kwa samaki ambao mwanzoni mwa majira walikuwa wakila planktoni, basi konyeza wana kesi ya kujibu. Andika pia tarehe za siku zenye mawingu na upepo zinazofuata, kwa kuwa samaki wakirudi juu huku konyeza wakiwa bado wamejaa, jibu lako umelipata.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa samaki. Katika bwawa langu la kulelea vifaranga nimegundua konyeza wadogo, na kila ninapoingiza vifaranga waliototolewa karibuni wengi hufa ndani ya siku chache, na waliobaki hujibana juu ya maji. Je, niwalaumu konyeza?

JIBU: Hapa lawama ina msingi zaidi, lakini imeelekezwa kwa asiyehusika sana. Usiwaangalie medusa wanaoelea. Waangalie polipi waliojibandika chini. Tangu mwaka 1978 imeripotiwa katika taarifa za ufugaji wa samaki nchini Marekani kwamba polipi wa Craspedacusta waliwakamata na kuwaua vifaranga wachanga wa samaki. Kifaranga aliyetoka kwenye yai leo ana ngozi nyororo isiyo na magamba, hajaweza kuogelea kwa nguvu, na katika aina nyingi hulala chini au hujishikiza kwenye majani na mawe hadi kiini cha yai alichobeba tumboni kiishe. Hapo ndipo polipi wanapoishi. Polipi mmoja hawezi kummeza kifaranga anayemzidi ukubwa, lakini polipi huishi kwa makundi ya wawili, watatu au zaidi waliounganika, na sumu yao inatosha kumkakamaza mdogo kiasi hicho.

Kwamba waliobaki hujibana juu ya maji, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni oksijeni, kwa kuwa hiyo ndiyo dalili yake ya kawaida kwa samaki wa bwawani, na bwawa lenye joto la kuwatoa medusa ni bwawa ambalo oksijeni yake inapaswa kupimwa alfajiri kabla ya jua kuchomoza, wakati inapokuwa chini kabisa. Usipopima utawalaumu konyeza kwa vifo visivyokuwa vyao.

Kama oksijeni inatosha na vifo vinaendelea, toa jiwe au kipande cha ubao kilichokaa bwawani, kiweke katika sahani yenye maji ya bwawa hilo hilo, na ukiangalie kwa hadubini ndogo au kioo cha kukuza chenye nguvu. Polipi ataonekana kama kijiti kifupi chenye kichwa kilichovimba kidogo, kilichonasiwa na uchafu. Ukiwapata, lea vifaranga katika matangi yenye kuta laini zinazoweza kusuguliwa mpaka waweze kuogelea vizuri na kula wenyewe, ndipo uwahamishie bwawani. Kukausha bwawa husaidia, lakini hakumalizi tatizo, kwa sababu polipi anapokabiliwa na ukame au baridi hujifunga ndani ya kijigamba kigumu na kusubiri hali iwe nzuri. Vijigamba hivyo husafiri pia kwenye nyavu, ndoo na mizizi ya mimea, kwa hiyo usihamishe vifaa kutoka bwawa hilo kwenda jingine kabla ya kuvisafisha na kuvikausha kabisa juani.

SWALI: Nimesoma kwamba Ziwa Tanganyika lina konyeza wake tangu zamani. Mbona huko hatusikii kwamba wanawasumbua dagaa?

JIBU: Konyeza wa Ziwa Tanganyika ni wa jenasi nyingine (yaani kundi jingine la aina zenye undugu), Limnocnida, ambayo hupatikana pia Ziwa Viktoria na sehemu nyingine za Afrika. Mjerumani Richard Böhm aliwaona mwaka 1883, na habari zao ziliwashangaza sana wanasayansi wa wakati ule, hata ikapendekezwa kwamba ziwa hilo lilikuwa mabaki ya bahari ya kale, dhana iliyokuja kukataliwa. Tofauti kubwa na konyeza wa kigeni ni kwamba medusa wa Tanganyika huweza kuchipua medusa wengine moja kwa moja kutoka mwilini mwake, kwa hiyo hategemei mlipuko wa msimu mmoja. Yumo ziwani muda wote, akiongezeka na kupungua.

Chakula chao kikuu ni kopepodi, na kopepodi ndio chakula cha dagaa. Ushindani upo, basi, lakini ni ushindani wa majirani wa kale. Dagaa wa Tanganyika hupanda kuelekea uso wa maji jioni na kushuka vilindini kunapopambazuka, wakifuata kopepodi na kuwakwepa mgebuka na samaki wengine wanaowawinda, na mwenendo huo wa kila siku unaelezwa vizuri na mwanga, chakula na hofu bila kuhitaji kumtaja konyeza. Konyeza nao hupanda na kushuka kwa ratiba yao. Baadhi yao wamekutwa wamebeba mwilini bakteria wadogo wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, jambo ambalo huenda linawapunguzia ulazima wa kugombania kopepodi na samaki. Katika ziwa ambalo mnyama ni mgeni, samaki hukutana na mshindani asiyekuwapo mwaka juzi, tena wakati vifaranga wa mwaka huo wanahitaji planktoni kuliko wakati wowote. Hiyo ndiyo sababu swali la mlipuko lina uzito zaidi katika mabwawa na machimbo kuliko Tanganyika.

SWALI: Je, kuna samaki ninayeweza kumpandikiza ziwani ili awale konyeza wote?

JIBU: Hakuna wa kumtegemea. Kama nilivyoeleza, samaki wengi humtema medusa, na hata anayemla hula mara moja moja akikosa kingine. Tena kuwala medusa kunawaacha polipi walivyo, tayari kwa majira yajayo. Mlaji anayetajwa zaidi ni kamba wa maji baridi mwenye magando, ambaye humnasa medusa anapozama karibu na chini. Usishawishike kumleta. Kamba huyo hula pia mayai ya samaki na hukata mimea ya majini ambamo vifaranga hujificha. Kamba mwekundu wa Louisiana alipoingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, mimea iliyozama majini ilipungua vibaya katika miaka iliyofuata, na mpaka leo kamba huyo hajaondoka ziwani humo.